Jumapili na watoto na mbwa, Nairobi, bila gari na bila pesa nyingi: twende wapi?

MamaPendo_Mwiki

Wadau, hamjambo. Naishi Mwiki, Kasarani, kwenye ploti yenye ua mdogo wa kuanikia nguo. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine minne, mume ambaye hupumzika Jumapili pekee, na mbwa wa kienyeji anayeitwa Taiga. Ana mwaka na nusu, miguu mirefu, sikio moja limesimama na lingine limelala. Landilodi alikubali akae kwa sababu tangu aje hakuna nguo iliyopotea kwenye kamba. Lakini maisha yake yote ni kati ya geti na tangi la maji. Shule zimefungwa, watoto wanataka kutoka, na yule mdogo ameapa haendi popote kama Taiga haendi.

Bajeti ni elfu mbili kwa kila kitu. Chakula tutabeba. Gari hatuna. Tumeshajaribu kumpandisha matatu: makanga alimtazama Taiga, akanitazama mimi, akagonga bodi na gari likaondoka. Njia gani sitaji.

Nauliza, kuna mahali karibu ambapo mbwa anaruhusiwa na watoto watafurahi? Na tunafikaje? Mume wangu anasema twende National Park, Taiga akajionee simba. Sijui kama anatania.

Mzee_wa_Ploti

Mbwa ni wa kulinda. Mkitoka naye, ploti itabaki na nani?

MtembezaMbwa

Mama Pendo, usimjibu huyo. Mimi kazi yangu ni kutembeza mbwa wa wenyewe huku Muthaiga na Runda, mbwa wanaokula nyama siku ambazo mimi nakula sukuma. Kwa hiyo Karura naijua kwa miguu, na jibu langu ni Karura, usitafute mbali. Ni msitu wa zaidi ya hekta elfu moja ndani ya mji, mbwa anaingia mradi awe kwenye kamba, na askari wa langoni hakuulizi ni wa aina gani. Nimekutana na watu wanaomwacha wa kienyeji nyumbani kwa aibu, eti Karura ni ya mbwa wa kizungu. Hao wa kizungu wenyewe, wengine wakifika kilomita ya pili ulimi uko chini wanataka kubebwa. Wa kienyeji hapo ndiyo kwanza damu imeanza kuchemka.

Habari ya National Park mwambie baba watoto asahau. Mbuga za KWS, watu wa wanyamapori, haziingizi mbwa, iwe Nairobi, Longonot au Hell's Gate. Karura iko chini ya KFS, watu wa misitu, ndiyo maana sheria ni nyingine.

Sasa nikueleze mambo ambayo hayako kwenye bango la langoni.

La kwanza ni kamba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo siku nzima huharibikia. Mbwa aliyekulia ploti hajui kamba. Ukimfunga asubuhi ya safari atavuta mpaka mkono uchomoke begani, au atalala chini akatae kuinuka, watu wanapita wanakutazama. Anza wiki mbili kabla. Jioni, watoto wakiwa wamekula, mfunge, mtembee hadi dukani na kurudi. Akivuta, simama. Usimvute na wewe, simama tu kama mlingoti. Kamba ikilegea, endelea. Mara ya kwanza mtachukua nusu saa kufika dukani na majirani watakucheka. Wiki ikiisha hawacheki.

Kamba yenyewe iwe ya mita moja na nusu hivi. Ile ya katani ya kufungia mbuzi itakukata kiganja siku atakapoona kima. Tafuta begi kuukuu la shule, kata ule mkanda wa begani, mpe fundi viatu ashone pete upande mmoja na kishikio upande mwingine. Ni imara kuliko nyingi za dukani ninazopewa na wenye mbwa. Shingoni usitumie fundo linalojikaza. Na mtoto wa miaka minne asishike kamba peke yake hata akilia.

Sababu ya kusisitiza ni kwamba mle ndani mna paa, funo, pongo, na mbega weusi kwa weupe waliohamishwa kutoka Kipipiri. Taiga hajawahi kuona kitu kinachokimbia namna ile. Akichomoka anaingia kwenye vichaka, na utamtafuta huku watoto wanalia. Mwenye mbwa mmoja niliyemtembezea alidhani wake ana adabu, akamfungua. Walimpata jioni upande wa pili wa msitu, amechoka na amejaa kupe.

La pili ni saa. Lango hufunguliwa asubuhi mapema. Ukifika kabla ya saa moja na nusu utapata njia tupu, ubaridi, ndege wanapiga kelele, na mbwa anatulia. Saa nne Jumapili ni baiskeli, wakimbiaji, vikundi vya kanisa na sherehe za kuzaliwa. Kwa mbwa ambaye hajazoea, hiyo ni vurugu.

Nyinyi wa Kasarani lango lenu ni la Kiambu Road, lile watu huita Sharks. La Limuru Road ndilo maarufu, na ndilo lenye msongamano. Malipo ni kwa simu, noti haipokelewi. Angalia bei na namna ya kulipa usiku wa kuamkia safari, kwa sababu hubadilishwa, na ulipe kabla ya kutoka nyumbani. Nimeona baba wa watu amesimama langoni robo saa akitafuta mtandao, watoto washaanza kuulizana nani kamaliza juisi.

Mkiingia, msikimbilie kila kitu. Chagua maporomoko na mapango ya Mau Mau, yako jirani. Njia panda zina nguzo zenye namba, mpe yule wa miaka tisa ramani awe kiongozi, atajiona mkubwa na hatakuuliza "bado mbali?" Kwenye maporomoko kuna ngazi za kushuka na zinateleza. Mtu mmoja na mbwa, mwingine na mtoto mdogo, msichanganye. Maji ya mto mbwa asinywe, juu huko mto umepita mitaani. Beba lita mbili zake peke yake na kile kibakuli cha plastiki cha majarini.

Kwenye mapango mweleze mkubwa kwamba wapiganaji walijificha humo miaka ya hamsini. Na mwambie kwamba msitu huu ulikaribia kuwa mtaa wa majumba. Viwanja vilikuwa vimeshagawiwa watu wakati Wangari Maathai alipokwenda kupanda mti Januari 1999, akapigwa na walinzi wa kukodiwa mpaka akavuja damu kichwani. Mwaka 2004 akapata Nobeli. Mwanangu alipoisikia hiyo hadithi alitaka kujua ni mti upi. Nilimwonyesha mmoja nikasonga mbele.

Chakula kuleni kwenye sehemu za pikniki, na mbwa mfunge upande wa kima. Kima wa Karura wanaijua sauti ya karatasi ya mkate ikifunguliwa. Wakimwona mbwa wanakaa juu wanatukana kutoka huko.

La mwisho ni siafu. Mvua ikiwa imenyesha usiku, wanavuka njia kwa mistari. Mtu mzima anaruka. Mtoto anasimama kuangalia, na mbwa ananusa. Ukimwona Taiga anaanza kucheza ngoma na kujiuma miguu, toka hapo mbio kwanza, ndipo uwatoe mmoja mmoja kwa vidole. Angalia katikati ya vidole vya mguu na chini ya mkia.

Usafiri: matatu sahau. Tafuta Probox ya mtaani kwenu. Nyie watu wanne mnakaa, Taiga buti, na kwenye Probox buti na viti ni chumba kimoja kwa hiyo hewa anapata. Muoneshe dereva mbwa siku moja kabla, usimshtukize, na utandike gunia. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi, saa sita mchana awe langoni. Ukipata familia nyingine ya kuchangia, bora zaidi.

KiserianJuu

Karura ni nzuri lakini mtu akitaka kuona mbali aje kwetu Ngong Hills. Watoto wako wakisimama juu pale, upande mmoja ni Nairobi yote, upande wa pili ni Bonde la Ufa linashuka mpaka macho yanachoka. Halafu kuna ile mitambo ya upepo ya KenGen, watu wa kuzalisha umeme, megawati 25.5, watoto hawabanduki hapo. Mbwa wengine huogopa ule mvumo wa mapanga, kwa hiyo mkaribie pole pole.

Ila nisikudanganye. Upepo ni mkali hata jua likiwaka, beba majaketi. Wa miaka minne atachoka kilima cha pili na baba atambeba. Msijaribu kutembea hadi Kona Baridi, hiyo ni ya vijana. Vilima viwili na kurudi vinatosha. Na pale juu kuna kondoo, mbuzi na ng'ombe wa watu. Mbwa akimwangusha kondoo, huyo kondoo umemnunua, na bei utapangiwa ukiwa umezungukwa. Wachungaji nao wana mbwa wao, hawana kamba, na kilima wanakiona chao.

Kutoka Kasarani ni mbali na Probox itakula hiyo elfu mbili yote. Ningekuwa wewe ningeiweka ya Desemba.

Afisa_Mifugo_Mstaafu

Mama Pendo, nimesoma yote, wamekushauri vizuri. Hakuna aliyeuliza jambo moja: Taiga amechanjwa kichaa cha mbwa? Ana kadi?

Kama hana, safari isubiri. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kinga haijengeki siku ile ile ya sindano, mpe wiki tatu hadi nne. Uliza ofisi ya mifugo ya wadi yenu. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kuna kampeni za chanjo ya bure mitaani. Binadamu karibu wote wanaopata ugonjwa huu huupata kwa kuumwa na mbwa, na watoto ndio wanaoumwa zaidi kwa sababu kimo chao ni kile kile cha mdomo wa mbwa. Dalili zikishaanza, hospitali haina la kufanya.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote huko, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, bila haraka, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa, pilipili wala majani.

Na kwa baba watoto aliyetaka kwenda kwa simba: mwaka 1994 virusi vya distempa viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama elfu moja, vikavuka mpaka Mara. Watafiti waliufuatilia ugonjwa hadi kwa mbwa wa vijiji vya kandokando. Kwa hiyo askari wa lango la mbuga akikurudisha na mbwa wako, anawalinda simba.

BintiSouthC

Samahanini, mimi sina mbwa, ila huenda Karura na wanangu na nina ombi. Wenye mbwa mkituona tumevaa buibui, au mkiona mtoto amejificha nyuma ya mamake, fupisheni kamba. Msituambie "haumi, anacheza tu." Kwetu mate ya mbwa ni najisi, akinilamba nguo siwezi kuswalia mpaka niisafishe, na Adhuhuri inaweza kunikuta huko huko msituni. Mwanangu wa kati aliwahi kurukiwa kifuani, na tangu hapo akisikia kengele ya shingoni anapanda kwenye benchi. Msitu ni wetu sote, sikatai mbwa waje.

MtembezaMbwa

Dada, una haki kabisa. Sisi tunaofanya kazi hii tuna desturi: ukiona mtu anasita, unatoka njiani hatua tatu, unamkalisha mbwa chini, unasimama wewe katikati yake na mtu, unasalimia, wanapita. Hata kwa mbwa mpole. Mama Pendo, hilo nalo mfundishe Taiga kwenye zile safari za dukani. Akiona mtu anakuja, akae. Mpe kipande cha mfupa akikaa, siku nne tano atakuwa anakaa kabla hujamwambia.

Na kinyesi, kwa kuwa dada ametaja usafi. Beba mifuko ya karatasi au magazeti, zoa, beba mpaka ulipoambiwa utupe. Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku 2017, usiende nayo ukaharibiwa siku.

MamaPendo_Mwiki

Asanteni sana. Daktari, kadi nimeitafuta nikaipata ndani ya Biblia ya mama mkwe, chanjo ilikuwa Februari, kwa hiyo yuko salama. BintiSouthC, nimekusikia dada, nitashika kamba mimi mwenyewe.

Fundi viatu ameshona mkanda wa begi, na pete ameitoa kwenye mkoba wangu wa zamani. Jana tulijaribu. Taiga alilala chini mbele ya kinyozi akakataa kuinuka, na kinyozi akatoka na mteja mwenye nusu kichwa kunyoa ili waangalie vizuri. Nilisimama kama nilivyoambiwa. Leo amefika mpaka kwa mama mboga na hakuvuta sana, ila bado anaogopa boda.

Probox nimepata, kijana wa hapa nyuma, elfu moja na mia nne kwenda na kurudi, nimemwonyesha mbwa na amesema mradi asitapike. Mia sita imebaki ya kulipa lango na maji. Chakula ni chapati na ndengu. Jirani yangu wa chumba cha saba anataka kuja na mtoto wake mmoja na kuchangia mia nne, tutajibana.

MtembezaMbwa, hilo la kutapika limenitia wasiwasi. Nimlishe asubuhi au nisimlishe?

MtembezaMbwa

Usimlishe. Mpe chakula chake cha kawaida jioni ya Jumamosi, mapema. Asubuhi maji kidogo tu. Mkifika, tembeeni kwanza, na wakati mnakula ndengu mpe nusu ya chakula chake cha siku, iliyobaki mkirudi nyumbani. Ndengu zenyewe usimpe kama zina vitunguu, vitunguu ni sumu kwa mbwa. Chapati tupu, kipande, si neno.

Kabla ya Jumapili mwombe huyo kijana aache Probox imezimwa hapo nje dakika kumi, Taiga apande, ashuke, apande tena na kipande cha mfupa mle ndani. Siku inayofuata awashe injini tu bila kuondoka. Mbwa wengi hutapika kwa hofu kuliko kwa mwendo. Na njiani dirisha la nyuma liwe wazi kidogo, si la kutoa kichwa.

Mkirudi, kabla hajaingia kwenye ua, mkague kupe: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Watoto nao, hasa nyuma ya masikio na kiunoni. Kupe mng'oe kwa kibano, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha.

Mzee_wa_Ploti

Mmesema Jumapili ipi? Mimi niko hapo Hunters, nina mjukuu wa miaka sita. Mbwa sina. Hiyo Probox inapita kwetu?

MamaPendo_Mwiki

Mzee wangu shikamoo. Inapita, lakini nafasi iliyobaki ni ya buti, na mwenye buti ni Taiga. Ukikubali kukaa naye, saa kumi na mbili na nusu uwe barabarani na mjukuu, na mia tatu zako mkononi.

Mzee_wa_Ploti

Marahaba. Anauma?